Ndizi Zisizopimwa

Mkulima wa Nyamira akifikisha majani ya chai kituoni, karani huyapima, huandika kilo, na mkulima huondoka na risiti yenye namba yake. Malipo ya mwezi huja, bonasi nayo hufuata. Wengi hulalamika, hasa bonasi ya viwanda vya Mlima Kenya inapozidi ya huku Gusii, lakini angalau wana karatasi ya kulalamikia.

Ndizi je? Mkungu unaoshushwa katika soko la Keumbu au Daraja Mbili hukadiriwa kwa jicho, na jicho lenyewe ni la broka mwenye lori la kwenda Nairobi. Mama aliyeubeba kutoka bondeni hajui una kilo ngapi. Broka anajua, hiyo ndiyo kazi yake. Mboga za chinsaga na managu huuzwa kwa fungu, na fungu hupungua au kunenepa kwa kadiri jua linavyozama.

Ndiyo maana sifa za ukuaji wa uchumi wa Gusii hunitia shaka: hazisemi pesa zinamfikia nani. Sensa ya 2019 ilikuta Kisii ina watu 957 katika kila kilomita ya mraba. Ardhi ya kuongeza haipo. Baba akigawa shamba, kila mwana hupata ukanda, na mahindi mengi ya ugali wetu hununuliwa kutoka Trans Mara. Hapa njaa haitegemei ghala peke yake. Hutegemea pesa alizo nazo mama siku ya soko. Namba ya chai mara nyingi ni ya mume, hata pale mchumaji ni mke. Zao lililo mkononi mwa mama ndilo lisilofika kwenye mizani.

Viazi vilitungiwa kanuni mwaka 2019: gunia lisizidi kilo 50, lumbesa, ule ujazaji wa kupita kiasi, ikome. Utekelezaji unasuasua, lakini muuzaji ana sheria ya kutaja. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kilimo na masoko, kwa hiyo mizani ya sokoni haihitaji kusubiri Nairobi.

Waandishi wengine wanajadili mbegu, mikaratusi inayokausha mabonde, na usindikaji wa ndizi. Mimi natanguliza mizani, ingawa haivutii wafadhili. Nitaambiwa kupima hakupandishi bei. Kweli, na ndizi zikifurika broka atazidi kutamba. Ila anayejua kilo zake anaweza kupiga simu Keroka na Kisii mjini, akalinganisha bei, kabla hajauuza mkungu.