Voi: Treni inasimama, lakini pesa inashuka wapi?

Saa mbili asubuhi treni mbili za SGR zinang'oa nanga, moja Mombasa, nyingine Nairobi. Zote mbili husimama Voi. Milango inafunguka, abiria wanashuka na mabegi, wengine wanapanda, halafu kipenga. Dakika chache tu, basi.

Nje ya kituo kuna bodaboda, matatu na magari ya safari yenye paa la kufunguka. Mgeni aliyekuja kuona ndovu anaingia kwenye gari lililotumwa kumchukua, na safari inaelekea moja kwa moja geti la mbuga. Mjini haingii. Soda yake alinunua ndani ya treni, chumba alilipia kwa simu wiki iliyopita.

Ukitaka kuelewa kwa nini wafanyabiashara wa Voi huzungumza juu ya reli kwa sauti mbili, ya shukrani na ya malalamiko, anzia hapo. Mji huu ulizaliwa na treni iliyokuwa ikisimama kwa muda mrefu. Sasa una treni ya haraka, na haraka ina bei yake.

Mji uliojengwa na njaa ya abiria

Wakati Waingereza wanaanza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, Voi haukuwa mji. Kilichokuwepo ni mto, na mto ndio uliokuwa mali. Baada ya kupita jangwa la Taru, injini za mvuke zilihitaji maji, na wajenzi vilevile. Reli ilifika hapo 1897, kama maili 100 kutoka baharini. Ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa kiasi kikubwa na vibarua kutoka India, karibu 32,000 kwa jumla. Takriban 2,500 kati yao walikufa. Wengi waliuawa na magonjwa na ajali, ingawa dunia inawakumbuka zaidi wale walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Hao tutawarudia.

Treni ilipoanza kubeba abiria haikuwa na behewa la chakula. Sasa watu wanakula wapi? Voi. Reli ilijenga nyumba ya wageni kwa mtindo wa India, iliyojulikana kama bungalow, treni ikasimama pale jioni, abiria wakashuka wote, wakakaa mezani, wakala, kisha safari ikaendelea. Kila treni ilikuja na mdomo na mfuko.

Biashara ilifuata njia hiyohiyo. Maduka ya Wahindi yalichipuka kando ya vituo yakiuza nguo, chumvi, sukari na mafuta ya taa, na kununua kilichoshuka kutoka vilima vya Taita. Baadaye mashamba ya mkonge yalipata njia rahisi ya kufikisha mzigo bandarini. Ukiangalia jinsi mitaa ya zamani ya Voi ilivyokaa, utaona imegeukia stesheni ya zamani, si barabara kuu.

Vita pia viliongeza kipande. Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta, na kutoka huko wakawa wanatuma vikosi vidogo kulipua reli. Waingereza wakajibu kwa kujenga tawi kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka 1915, na mwaka uliofuata likaunganishwa na reli ya Kijerumani upande wa Moshi. Voi ikawa makutano. Treni ya kijeshi ilipoisha kazi, ikabaki njia ya biashara kati ya Kenya na Tanganyika.

Simba waliogeuka bidhaa

Kituo cha Tsavo kiko juu kidogo ya Voi kwenye njia hiyohiyo. Ndipo simba wawili wasio na manyoya ya shingo walipowasumbua wajenzi wa daraja kwa miezi kadhaa, hadi mhandisi John Henry Patterson alipowapiga risasi Desemba 1898. Patterson mwenyewe aliwahi kudai waliua watu 135. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa 2009, uliopima mifupa na manyoya yao, uliona idadi inayokaribia 35.

Ngozi na mafuvu yao Patterson aliviuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka 1924, na mpaka leo viko huko. Hollywood ikatengeneza filamu 1996. Jina Tsavo likauzika dunia nzima, na tiketi ya kuwaona simba hao inakatwa Marekani. Kwa mkazi wa Voi anayeuza chai stendi, hilo ni jambo la kukera kidogo.

Lakini jina lilifanya kazi yake. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza mbuga ya Tsavo, kisha ikaigawa mbili, Mashariki na Magharibi, mpaka ukiwa reli na barabara ya Mombasa. Kwa pamoja ni zaidi ya kilomita mraba 20,000. Hesabu ya 2017 ilikuta ndovu zaidi ya 12,000 katika eneo zima la Tsavo. Geti la Voi liko karibu kabisa na mji. Miji mingi ya utalii inaota bahati kama hiyo.

Lori hulala, treni hailali

Lami ilibadilisha mchezo. Malori yalipoanza kubeba mzigo wa Mombasa kwenda Nairobi, Kampala na Kigali, Voi ilipata mteja mpya. Dereva wa lori hula, huoga, hulala. Gurudumu likipasuka anatafuta fundi wa panchari. Utingo wake naye anakula. Usiku mmoja wa lori moja unalisha gesti, hoteli, kibanda cha mayai, mekanika, muuza kredo na mlinzi. Maungu na Mtito Andei ziliishi hivyohivyo.

Halafu ikaja SGR. Rais Uhuru Kenyatta alizindua treni ya abiria tarehe 31 Mei 2017. Mradi wa Mombasa–Nairobi ulikuwa wa shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Treni ya zamani, ile iliyokuwa ikitambaa usiku kucha, ilikuwa imesimamishwa mwezi mmoja kabla.

Kwa abiria, hakuna ubishi. Mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda hospitali Mombasa, mfanyabiashara mdogo, wote walipata safari salama yenye saa inayojulikana. Tiketi unakata kwa simu, unalipa kwa M-Pesa. Nauli ilipanda Januari 2024, Nairobi–Mombasa daraja la kawaida ikatoka shilingi 1,000 hadi 1,500, watu wakanung'unika lakini wakaendelea kupanda.

Kilichouma ni mzigo. Mkopo ulihitaji kulipwa, na treni ya abiria pekee isingeweza kuulipa. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena yote ya kwenda Nairobi na kuendelea yapande SGR. Mombasa iliandamana. Vichwa vya habari vilikuwa juu ya mawakala na wenye malori wa bandarini, lakini miji ya njiani nayo ilipigwa kimyakimya. Lori ambalo halikutoka Mombasa halikulala Voi.

Mahakama Kuu ilisema Novemba 2020 kwamba amri hiyo ni kinyume cha katiba. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini Mombasa. Malori yakarudi barabarani. Ila funzo la miaka ile mitatu halijafutika kwa mwenye gesti: riziki yake inaweza kukatwa kwa barua iliyoandikwa Nairobi au Mombasa, na jina la Voi lisionekane humo hata mara moja.

Watalii wapo, mji uko wapi?

Upande wa utalii, SGR imefanya jambo ambalo halikuwezekana zamani. Familia ya Nairobi bila gari inaweza kwenda Tsavo wikendi. Mgeni wa hoteli za Diani au Nyali anaweza kupanda treni asubuhi na kuwa geti la Voi kabla ya saa sita. Hata asiyeshuka anaona ndovu wekundu dirishani, wekundu kwa sababu ya vumbi la udongo wa Tsavo.

Shida ni mpangilio wa pesa. Kiingilio cha mbuga kinalipwa mtandaoni kwa serikali kuu. Hoteli kubwa ziko ndani au pembezoni mwa mbuga, na chakula kimo kwenye bei ya chumba. Madereva wengi wa safari hutoka Mombasa au Nairobi. Kinachobaki kwa mji ni nauli ya bodaboda, mafuta ya gari na pengine chupa ya maji.

Ndiyo maana viongozi wa Taita Taveta, bila kujali chama, wamekuwa wakidai mgao wa mapato ya Tsavo. Mbuga inachukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Ndovu wakitoka nje, wanaokosa mahindi ni wakulima wa hapo, na fidia huchukua muda mrefu.

Reli yenyewe imeongeza mzigo huo. Tuta la SGR limepita katikati ya makazi ya wanyama. Kuna madaraja na vivuko vya chini vya kupitishia ndovu, na watafiti waliowafunga baadhi yao kola za kufuatilia mienendo waliona kwamba wapo wanaovitumia bila wasiwasi na wapo wanaosita. Anayesita hutafuta njia nyingine, na njia nyingine mara nyingi ni shamba la mtu.

Suluhisho za kawaida zinajulikana. Ziara za nusu siku zinazoanzia mjini, waongozaji wa hapahapa wenye leseni, makumbusho ya vita na simba karibu na stesheni ya zamani ili mgeni awe na sababu ya kuingia mjini. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mkopo wa China. Kinachohitajika ni kaunti, Shirika la Reli na KWS kukaa meza moja, na hapo ndipo mambo hukwama, maana kila mmoja ana sanduku lake la pesa.

Kipande kilichosahaulika

Lipo pia lile tawi la Taveta. Abiria na mizigo viliondoka kwenye reli hiyo miaka mingi iliyopita, na leo anayetoka Voi kwenda Moshi hupita barabara ya lami hadi Holili. Kufufua reli hiyo kumetajwa mara nyingi. Upande wa pili wa mpaka Tanzania haikungoja: treni ya mizigo ya Tanga–Moshi ilirudi 2019, ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi mwaka huohuo na Arusha 2020, zote kwenye reli ya zamani iliyokarabatiwa.

Kutoka Moshi hadi Taveta si mbali. Vitunguu na ndizi zinazoshuka kila siku kuelekea soko la Mombasa zinapita hapo kwa malori, na malori hayo, angalau, bado yanasimama Voi kula.