Kukamatwa ni Habari, Kuachiliwa Je?



Wazazi wetu walikua na VOK, ambayo mwaka 1989 ikawa KBC. Msomaji mmoja mezani, karatasi mkononi, na habari ya kwanza ni Rais. Leo taarifa ya saa moja ni kitu kingine kabisa. Vichwa vya habari vinakimbia, klipu za simu, matangazo ya biashara, kisha wanasiasa wanabishana studio hadi muda unaisha. Kabla hujalala, kipande cha nusu dakika kimeshakatwa na kufika kwa simu yako.

Sisemi ya zamani yalikuwa bora. Zamani tulisikia la serikali tu. Kamera za sasa ndizo zilizotuonyesha mubashara yaliyotokea Bungeni Juni 25, 2024. Mwaka mmoja baadaye, siku kama hiyo, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kupeperusha maandamano mubashara, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Wenye mamlaka wanajua nguvu ya picha.

Shida yangu ni hii: habari ya mbio inapenda mwanzo wa jambo, haina subira na mwisho wake. Na sisi Waislamu, mwanzo wetu kwa runinga mara nyingi ni pingu.

Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Wengi waliachiliwa bila mashtaka. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Garissa, serikali iliweka MUHURI na Haki Africa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu Mombasa ikaamuru zifunguliwe. Hebu uliza mtaani kwenu leo: wangapi wanakumbuka ile orodha, na wangapi wanakumbuka ule uamuzi?

Na si Waislamu pekee. Huku Werugha majirani zetu Wakristo wanaijua hali hii. Kaunti yetu ikitokea kwa runinga, mara nyingi ni ndovu wa Tsavo wameingia shamba la mtu. Ndovu tunamwona. Fidia ya mwenye shamba ilifika? Hilo kamera hairudi kuuliza.

Sasa tufanye nini? Kulalamika kwa kikundi cha WhatsApp hakutoshi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutaka habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu irekebishwe au ifutwe. Baraza la Vyombo vya Habari nalo lina Tume ya Malalamishi, kwa sheria ya mwaka 2013. Kwa hivyo kijana wa msikiti wenu akionyeshwa kama mhalifu, hifadhi ile klipu, andika stesheni, tarehe na saa. Fuata kesi yake kortini hadi mwisho. Akiachiliwa, peleka uamuzi kwa mhariri, umtake autangaze pale pale alipotangaza kukamatwa. Akikataa, peleka malalamishi.

Na sisi pia tujisafishe. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Amri hiyo haikushuka kwa waandishi wa habari peke yao. Ukisambaza klipu ya mtu amefungwa pingu bila kujua kesi iliishia wapi, wewe na ile stesheni mna tofauti gani?

Runinga itaendelea kubadilika. Jina la mtu likishachafuliwa halijisafishi lenyewe. Tuanze kufuatilia habari zetu hadi mwisho, inshallah.