Mambo ya Motakaa: Kushusha Sanduku la Gia ili Kutia Klachi Mpya

Hakuna mahali panapofichua hali ya klachi kama mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Lori limejaa viazi, dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, injini yanguruma kwa kishindo, lakini magurudumu hayaongezi mwendo, bali yazidi kupunguza. Kisha harufu kali ya kitu kinachoungua huingia ndani ya kebini, na taniboi aliyelala juu ya magunia huamka akidhani kuna moto. Hakuna moto. Ni pleti ya klachi inayoteleza, na kila hatua ya kupanda yazidi kuila.

Mwenye lori, ambaye aghalabu bado analipa deni la gari hilo, humkimbilia fundi na kumtaka ashushe sanduku la gia siku ile ile. Huenda amri hiyo ikawa ya haraka mno. Pleti hukaa katikati ya flaiwili, yaani lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, na presha pleti ambayo springi zake huibana. Dereva akikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma springi hizo na pleti huachiliwa. Basi ikiwa pedali haina nafasi hata kidogo ya kucheza kabla ya kuanza kusukuma, beringi husukuma wakati wote, nayo pleti haibanwi sawasawa. Malori mengi ya zamani yalitaka mchezo wa inchi moja hivi juu ya pedali. Kipimo cha kila lori hupatikana katika kitabu chake. Mara nyingine kukaza au kulegeza nati moja kumemwokoa mtu asipoteze siku mbili za kazi. Vivyo hivyo, gia zikikwaruza wakati wa kuingia, kosa huenda ni hewa au uvujaji katika mfereji wa mafuta ya klachi, wala si pleti.

Jaribio lenyewe si gumu. Lori tupu lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, hendibreki ivutwe, na mtu yeyote asikae mbele wala nyuma. Gia ya juu itiwe, injini iongezwe kidogo, kisha pedali iachwe polepole. Injini ikizimika, klachi yashika. Ikiendelea kunguruma, klachi yateleza. Yatosha kufanya hivyo mara moja, maana jaribio nalo hula klachi.

Ikiwa hapana budi kushusha, fundi na achague mahali pagumu na palipo sawa, wala si kando ya barabara yenye tope. Jambo moja limewaponza watu wengi. Katika malori mengi madogo ya Kijapani, kama Canter na Isuzu, na katika mengi ya zamani pia, hendibreki haifungi magurudumu, bali hufunga propela nyuma ya sanduku la gia. Propela ikifunguliwa, hendibreki haina kazi tena, hata kama mkono wake umevutwa hadi juu. Lori lililotulia asubuhi yote laweza kuanza kutambaa wakati mtu amelala chini yake. Kwa hiyo vizuizi vya mbao au mawe makubwa viwekwe mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya bolti ya kwanza kuguswa, na waya wa betri utolewe.

Propela na ipigwe alama mahali inapoungana na sanduku la gia, ili irudi vile vile ilivyokuwa. Ikigeuzwa huenda ikatetemesha lori zima. Waya wa spidi, waya za taa na mkono wa gia hufunguliwa bila taabu. Silinda ndogo ya klachi ifungwe kando kwa kamba pamoja na mfereji wake, na mtu yeyote asikanyage pedali, maana kitu cha ndani kitatoka na mafuta yatamwagika.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi. Sanduku la gia la lori la tani tano au saba laweza kuwa na uzito wa gunia la mahindi, na la lori kubwa huzidi. Zaidi ya hayo, malori mengine huegemeza sehemu ya nyuma ya injini juu ya sanduku hilo hilo. Basi injini nayo yahitaji jeki na kipande cha mbao chini yake. Vijana wawili wenye nguvu hujiona kwamba wataweza kulipokea kifuani, na huenda wakaweza mara kumi. Mara ya kumi na moja mafuta huteleza mkononi. Jeki yenye bapa pana, au mnyororo uliofungwa kwenye boriti imara juu ya kebini, ndivyo vifaa vya kazi hii. Jeki ya chupa peke yake, juu ya jiwe, si kifaa.

Bolti zinazolifunga sanduku kwenye injini zikiisha kutoka, sanduku livutwe nyuma moja kwa moja, kama upanga unavyotolewa alani. Lisiachwe hata dakika moja kuning'inia kwa shafti yake iliyo ndani ya pleti. Uzito ule hupinda kitovu cha pleti, na kosa hilo ni baya zaidi wakati wa kurudisha kuliko wakati wa kushusha, kwa sababu ndipo pleti mpya huharibika kabla haijazunguka hata mara moja. Fundi mwenye akili hutafuta bolti mbili ndefu, akakata vichwa vyake, akazitia katika matundu mawili ya juu, na sanduku huteleza juu yake kama juu ya reli.

Vumbi jeusi litakaloonekana ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Uingereza, ambako malori mengi ya zamani yalitoka, iliikataza kabisa mwaka 1999. Kitambaa chenye maji chatosha.

Bolti za presha pleti zilegezwe kidogo kidogo kwa kuvuka, kwa maana springi zimekaza. Sasa mwenye lori hufika na swali lake: je, ni lazima kununua vyote vitatu, pleti, presha na beringi? Beringi ya zamani ikilia baada ya mwezi mmoja, kazi yote ya siku hiyo itarudiwa kwa ajili ya kitu kidogo kuliko vyote, basi hiyo isibishaniwe. Presha yenye mikwaruzo mirefu au madoa ya buluu yaliyotokana na moto haifai tena. Iliyo safi na nyororo huenda ikavumilia. Flaiwili yenye nyufa ipelekwe kwa mchonga vyuma. Nayo pleti ikiwa imelowa oili, kutia mpya bila kubadili sili ya nyuma ya injini, au ya mbele ya sanduku la gia, ni kununua pleti ya kuchovya katika oili.

Kabla ya pleti ya zamani kutolewa, itazamwe upande gani wa kitovu umeelekea sanduku la gia. Kuitia kinyume ni kosa la kawaida, na halionekani mpaka lori limekwisha kufungwa. Katikati yake isawazishwe kwa shafti ya sanduku kuukuu au mti uliochongwa kwa kipimo. Grisi kidogo sana ipakwe kwenye meno ya shafti, na isiguse uso wa pleti kamwe.

Sanduku likirudishwa na kubaki na nafasi ya kidole kati yake na injini, bolti zisitumiwe kulivuta. Nafasi hiyo yasema kwamba meno hayajakutana. Gia itiwe, shafti inayotokea nyuma ya sanduku izungushwe kwa mkono polepole, na sanduku litaingia lenyewe. Wanaolivuta kwa spana husikia mlio mkavu, ambao ni sikio la chuma limevunjika, na chuma hicho hakiuzwi peke yake.

Oili ya gia irudishwe kwa kipimo, mchezo wa pedali upimwe upya, na mizigo ya kwanza iwe myepesi. Viazi vya Mai Mahiu vyaweza kungoja hadi safari ya tatu au ya nne.