Siku tatu za ugeni Grenoble

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu huitamka methali hii tukifikiria kitoweo. Mgeni akifika kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba nao hufaidi. Lakini yapo maradhi mengine ambayo mwenyeji huponywa na mgeni, nayo tuliyaona mwishoni mwa Julai katika mji wa Grenoble, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Tulikuwa na shughuli Lyon, na marafiki zetu wa siku nyingi, mume na mke wenye asili ya Tanga, walipopata habari hawakukubali udhuru. Tukapanda treni ya saa moja na nusu hivi, sisi na watoto, tukafika Ijumaa jioni.

Grenoble umezungukwa na milima pande tatu: Chartreuse kaskazini, Vercors magharibi, na Belledonne mashariki, ambayo kilele chake kirefu kinafikia mita 2,977. Mji wenyewe umelala bondeni, inapokutana mito ya Isère na Drac, juu ya ardhi tambarare kama sinia. Mwenye kusikia kuwa ndiko ilikofanyika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1968 hubeba makoti. Kiangazi humsahihisha. Milima huuzuia upepo, na joto hukaa bondeni kama mvuke ndani ya chungu kilichofunikwa.

Joto hilo, hata hivyo, silo lililokuwa likiwasumbua wenyeji wetu. Mtaa wao una Waislamu wengi wenye asili ya Algeria, Tunisia na Morocco, na kwa mwaka mzima hawakosi salamu wala sahani ya jirani. Shule zikifungwa, majirani hao huvuka bahari kwenda kwa wazee wao. Wafaransa nao huondoka kwenda mapumzikoni. Nauli ya watu watano hadi Tanga si jambo la kila mwaka kwa mtu wa mshahara, basi familia hii hubaki. Bibi mwenye nyumba alituambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni mwaka wa nne sasa tangu mgeni alale nyumbani kwao.

Aliyeumizwa zaidi na upweke huo ni binti yao wa miaka kumi na minne. Rafiki zake wa madrasa walikuwa wamesafiri. Zamani angekwenda kuogelea, lakini tangu alipoanza kujisitiri mlango huo umefungwa. Mnamo Mei 2022 baraza la mji wa Grenoble lilipitisha kanuni iliyoruhusu mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili katika mabwawa ya manispaa. Mahakama ya utawala ikaisimamisha mwezi huo huo, na Juni mahakama ya juu kabisa ya utawala nchini humo ikauthibitisha uamuzi huo. Wakubwa hujadili hukumu kama hiyo kwa lugha ya katiba. Kwa binti huyu ilikuwa na maana kwamba siku za joto hukaa chumbani na simu yake, pazia limeshushwa.

Jumamosi tulipanda basi hadi Chamrousse, kituo cha mlimani kilichokuwa na mashindano ya kuteleza kwa ski mwaka 1968. Hewa ya huko ilikuwa ya kuvaa sweta. Binti wa wenyeji na mabinti zetu walitangulia njiani, na mwanzoni hatukusikia neno, kwani yeye Kiswahili chake kilikuwa kimeingia kutu na wao hawajui Kifaransa. Tulipowakuta walikuwa wametumbukiza miguu katika kijito, wanatafsiriana maneno ya kuchekesha na kusahihishana. Adhuhuri tuliiswali juu ya nyasi, tumeelekea kusini-mashariki, milima ikiwa mbele yetu. Kila mmoja wetu alikwishasoma katika Sura An-Nabaa kwamba Mwenyezi Mungu ameifanya milima kuwa vigingi. Siku hiyo watoto hawakuhitaji kufafanuliwa.

Usiku ndio uliotufunza zaidi. Katika siku hizo jua huzama huko baada ya saa tatu usiku, na Isha huingia kama saa nne na nusu, au hata baada ya saa tano, kulingana na hesabu ya pembe ya jua ambayo msikiti unaifuata. Mwenyeji wetu alitueleza kwamba kiangazi humvunjia jamaa ya nyumbani. Watoto husinzia, mama huswali peke yake, naye huswali peke yake. Sisi wasafiri tulikuwa na ruhusa ya kukusanya na kupunguza swala, tukalala mapema. Tulichagua kungoja. Na kwa kuwa kwa madhehebu ya Shafii msafiri anayemfuata imamu mkazi hukamilisha swala, tulisimama nyuma ya mwenyeji wetu tukaswali rakaa nne. Kungojea huko kukazaa mazungumzo, chai na kashata, na watoto wote wakabaki macho bila kulazimishwa. Usiku wa pili yule binti ndiye aliyetandika miswala.

Chakula nacho kilikuwa na mafunzo yake. Ijumaa tulilishwa pilau, Jumamosi tukaandaliwa viazi vya kimkoa, vinavyokatwa vipande vyembamba na kuokwa kwa maziwa, malai na kitunguu saumu. Mama mwenye nyumba alikuwa amejifunza kwa jirani yake Mfaransa, kikongwe anayeishi peke yake. Tulishauri aitwe, akaja na mfuko wa jozi, ambazo ni fahari ya nchi ile. Naye alikuwa mgonjwa wa maradhi yale yale.

Jumapili jioni tuliondoka. Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yameweka ugeni kuwa siku tatu, na yamemkataza mgeni kukaa hadi akamtia mwenyeji wake uzito. Tunalikumbuka sana sharti hili la pili, lakini mara nyingi tunalitumia kama kisingizio cha kutokwenda kabisa. Tunasema hatutaki kuwasumbua, kisha tunatuma ujumbe wa sauti na kuhesabu kuwa tumeunga udugu.

Rai yetu kwa wasomaji ni nyepesi. Mwenye rafiki au ndugu aliye mbali na watu wake, akipata njia ya kupita karibu naye, asiishie kumpigia simu. Atoe taarifa mapema, alale usiku mmoja au miwili, aoshe vyombo, aswali pamoja na watu wa nyumba ile, asiwakosoe watoto wao kwa Kiswahili kibovu, na aage kabla ya kuchosha. Na walio mjini kwetu wasisahau kwamba nasi tuna wageni waliokuja kusoma na kufanya kazi, ambao sikukuu huwakuta vyumbani mwao pazia likiwa limeshushwa. Hao hawahitaji nauli ya ndege. Wanahitaji kugongewa mlango.