Marekani: maelewano yanaposhindikana, nani anafungiwa mlango?

Mwaka 2013 Seneti ya Marekani ilipitisha, kwa kura 68 dhidi ya 32, muswada wa kuimarisha mpaka na kuwapa wahamiaji wasio na vibali njia ya uraia. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Mwaka 2024 seneta James Lankford, Mbaptisti, alipatana na Wademokrasia. Trump akapinga, na wengi wa chama chake Lankford wakamwacha.

Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha mapokezi ya wakimbizi. Ndugu zetu wa Nyarugusu na Kyangwali hawakuvuka mpaka wa Marekani kwa siri: walihojiwa, wakapimwa, wakangoja miaka. Hata wenye msimamo mkali wangeweza kuanza maelewano na hao. Lakini hasira ya mpakani iliwaangukia wao.