Mzee akianguka, tusiseme "ni uzee tu"

Mwezi huu tuongee juu ya wazee wetu.

Juzi bibi mmoja aliteleza pale bombani. Sisi walimu tulikuwa karibu, tukampeleka kituo cha afya. Tukakuta vijana wawili wameanguka na bodaboda, damu imejaa nguo. Bibi akasema, "Mimi sijambo, hao watoto watangulie." Na sisi tukakubali! Kumbe jioni akaanza kutuita majina ya ndugu zake waliokufa zamani. Akapelekwa Jinja, hospitali kubwa, wakakuta damu imevuja ndani ya kichwa. Amepona, lakini tuliona aibu. Tulikuwa tumepima kwa macho tu.

Nesi wa mlangoni hapangi wagonjwa kwa aliyefika kwanza, anapanga kwa hatari. Na hatari ya mzee inajificha. Ubongo wa mzee hunywea kidogo, mishipa inavutika, ikikatika damu inavuja polepole, saa nyingi, hata siku kadhaa. Presha nayo inadanganya. Mzee aliyezoea 160, akipimwa 110 utasema ni nzuri, kumbe labda anavuja damu ndani. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unasema majeruhi wa miaka 65 na zaidi, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 110, ahesabiwe yuko hatarini. Tena dawa zingine za presha zinazuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo hata mapigo yanaweza kuonekana ya kawaida.

Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi. Si lazima aanguke kutoka juu ya mti. Kuteleza tu kunatosha.

Basi mkimpeleka mzee, fanyeni hivi:

1. Semeni mapema: ameanguka saa ngapi, amegonga wapi, alizimia au hapana.
2. Bebeni dawa zake zote, hasa kama anameza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi.
3. Mwambieni nesi jinsi alivyo siku zote. "Jana alikuwa anajua majina yetu, leo hajui." Nesi hamjui, nyinyi mnamjua.
4. Mguu ukiwa mfupi na umegeukia nje, nyonga inaweza kuwa imevunjika. Msimsimamishe, msimpandishe bodaboda. Mlazeni, mtafute gari.
5. Akirudi nyumbani, mwangalieni. Usingizi usio wa kawaida, kutapika, kichwa kuuma sana, maneno kuchanganyika: mrudisheni hata kama ni usiku.

Wazee wetu wamezoea kuvumilia, wamepita mengi njiani. Akisema "sijambo", mpeni heshima yake, halafu mwiteni nesi.

Tutaonana mwezi ujao.