Kelele za ekzosi si nguvu za gari

Imekuwa ada kwa wenye pikapu, hasa vijana, kuing'oa ekzosi iliyokuja na gari kutoka kiwandani na kutia nyingine iliyoundwa kando, almuradi gari lingurume. Ukimwuliza mmoja wao sababu, atakujibu kwamba sasa gari lake "lina nguvu". Sina ugomvi na mtu anayebadilisha kifaa cha gari lake. Ekzosi huoza, ya kiwandani ni ghali, na iliyoundwa na fundi hodari wa jua kali yaweza kudumu kuliko ile ya kwanza. Ugomvi wangu ni na hilo neno "nguvu", na jinsi tunavyolipima kwa sikio.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa magari. Hata hivyo naendesha pikapu, na nimesimama katika gereji nyingi nikisikiliza namna wateja na mafundi wanavyozungumza. Yamkini lugha yenyewe imetuzoesha kuamini mlio. Pikipiki tuliiita hivyo kwa kuigiza sauti yake, na trekta wengi wakaiita tingatinga vivyo hivyo. Ni njia nzuri ya kuunda maneno. Lakini kukipa chombo jina kwa mlio wake ni jambo moja, na kukipima ubora kwa mlio huo ni jambo jingine kabisa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Tuanze na maana. Neno ekzosi kwa mazoea hutaja mfumo mzima wa kutolea moshi, nao una viungo kadhaa. Penye injini pana manifoldi, inayokusanya moshi wa silinda zote na kuuingiza katika bomba moja. Katika magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni hufuata katalitiki, chombo chenye madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu, ambacho hugeuza gesi za sumu kuwa gesi zenye madhara machache. Kisha huja sailensa inayopunguza mlio, na mwisho ni bomba la mkia. Mfumo wote huning'inizwa chini ya gari kwa raba ili usigongegonge.

Mteja anayesema tu, "Fundi, nibadilishie ekzosi," hajasema lolote. Fundi naye atabadilisha atakachoona kinafaa, au kinachomfaa yeye. Katalitiki ikiondoka siku hiyo, mteja hatajua kwamba imeondoka, wala hatajua kwamba madini yaliyomo yana soko lake. Asiye na jina la kitu hawezi kukidai.

Jambo la kwanza la kuchagua ni upana wa bomba. Wengi hudhani kwamba bomba likiwa pana zaidi gari huwa na nguvu zaidi. Hilo lina ukweli nusu. Pikapu ya dizeli yenye taabo hufaidika moshi unapotoka bila kuzuiliwa baada ya kuipita taabo. Lakini injini ndogo ya petroli isiyo na taabo huhitaji moshi utoke kwa kasi, kwa kuwa mkondo wenye kasi husaidia kuvuta mabaki ya moshi yaliyosalia katika silinda. Ukiliongeza bomba upana kupita kiasi, mkondo hupoa na kupunguza mwendo, na gari hulegea hasa linapopanda mlima polepole likiwa na mzigo. Mkulima anayebeba viazi atakuwa amenunua ngurumo na kuuza nguvu.

La pili ni aina ya sailensa. Ipo ile yenye vyumba na kuta ndani, ambamo sauti hugongana na kujimaliza yenyewe. Ipo pia yenye bomba lililonyooka na kutobolewa matundu madogo madogo, likazungushiwa nyuzi za kioo zinazomeza sauti. Hii ya pili hupitisha moshi kwa urahisi zaidi, lakini nyuzi zake huchakaa, na kelele hurudi mwaka baada ya mwaka. Kuikata sailensa na kuunga bomba tupu mahali pake si uchaguzi wa sailensa. Ni kukosa sailensa.

La tatu ni chuma chenyewe. Chuma cha kawaida ni rahisi, lakini hushikwa na kutu upesi, hasa katika hewa ya chumvi ya Mombasa na Malindi. Chuma kilichopakwa alumini hudumu zaidi. Kile kiitwacho kisichoshika kutu nacho kina madaraja. Daraja la 409 lina kromiamu kama asilimia 11, nalo hupata kutu ya juu juu tu. Daraja la 304 lina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na bei yake ni kubwa zaidi. Mwenye sumaku ndogo mfukoni anaweza kuyatofautisha: 409 hunaswa na sumaku, ilhali 304 hainaswi, au hunaswa kidogo sana penye mkunjo. Basi ukitozwa bei ya 304 na sumaku ikang'ang'ania bomba zima, una haki ya kuuliza maswali. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yasitumiwe hata kidogo, kwa kuwa zinki ikichomelewa hutoa moshi unaomtia fundi homa.

Tazama pia mikunjo. Bomba lililokunjwa kwa kubanwa tu hubonyea penye kona na kuziba sehemu ya njia ya moshi. Lililokunjwa likiwa na kitu ndani cha kulishikilia umbo hubaki na upana ule ule mwanzo hadi mwisho. Huna haja ya kuwa mhandisi ili uone tofauti hiyo, macho yanatosha.

Kufunga nako kuna utaratibu wake. Gari lipoe kwanza, lisimamishwe juu ya stendi madhubuti wala si jeki peke yake. Bolti za zamani zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu. Nyaya za betri ziondolewe kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa, maana umeme wake waweza kuunguza vifaa vya elektroniki vya gari. Gasketi za zamani zisirudishwe. Vipande vyote vifungwe kwa kulegea kwanza, vinyooshwe, ndipo vikazwe kuanzia mbele kwenda nyuma. Bomba lisikaribie paipu ya mafuta, paipu ya breki wala tairi la akiba ambalo pikapu nyingi hulibeba chini ya bodi. Kisha injini iwashwe, na maungio yapakwe maji ya sabuni kabla hayajapata moto: panapotoka mapovu pana upenyo. Baada ya safari chache bolti zikazwe tena.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika moshi wa gari mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na asipotolewa kwenye hewa safi hufa. Bomba la mkia likiishia chini ya bodi badala ya kutokeza nje ya ukingo wake, au ungio likivuja, moshi hupanda na kuingia mahali penye watu. Nasi twajua ni akina nani wanaokaa nyuma ya pikapu zetu, aghalabu chini ya turubali au kanopi: vibarua, akina mama wa sokoni, na wanafunzi waliopewa lifti. Dereva aliye mbele, dirisha lake likiwa wazi, husikia ngurumo na kufurahi. Anayesinzia nyuma huenda wakadhani amechoka.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, hutaka gari liwe na sailensa inayofanya kazi, na kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo zinagusa magari pia. Lakini askari hawezi kulala chini ya kila pikapu. Mwenye gari ndiye mlinzi wa kwanza, na mlinzi huyo ahitaji maarifa yaliyo katika lugha aizungumzayo.

Hapa ndipo nawageukia walimu wenzangu. Katika isimujamii tunawafunza wanafunzi sifa za sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya sokoni. Wanazikariri, wanazijibu katika mtihani, na kuzisahau. Sajili ya gereji tumeiachia barabara. Matokeo yake ni kwamba kijana amalizaye kidato cha nne aweza kutaja ngeli zote, lakini hawezi kumweleza fundi ni ungio gani linalovuja. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kutaja viungo vya pikapu itabaki kuwa lugha ya hotuba.

Wapo watakaonipinga kwamba manifoldi, gasketi na sailensa ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Nawajibu kwamba gari lilitoka Bara Hindi na bomba likaja na Wareno, na leo hakuna anayeyaona kuwa mageni. Neno likikubali upatanisho wetu limekwisha kuwa letu. Fundi asemapo, "Sailensa hizi zimetoboka zote mbili," hiyo ni sentensi ya Kiswahili, na sarufi yake haina dosari.

Napendekeza jambo dogo. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake gereji iliyo karibu na shule kwa alasiri moja, kila mmoja na daftari. Wamwombe fundi awatajie viungo vya ekzosi kutoka injini hadi mkiani, na aeleze kwa maneno yake kazi ya kila kimoja. Wakirudi darasani, wayapange maneno hayo, wayape maana, na wayatungie sentensi. Kisha kila mwanafunzi aende nyumbani akachungulie gari analopanda kila siku, aone bomba la mkia linaishia wapi.